Mwalo Mpya wa Umma Ziwani Naivasha: Njia Kwanza, Zege Baadaye

Kwa mujibu wa Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, maziwa yote nchini ni ardhi ya umma. Ziwa Naivasha, lililo umbali wa takriban kilomita 90 kaskazini-magharibi mwa Nairobi, halikutengwa katika hesabu hiyo. Hata hivyo, mwananchi anayetaka kushua boti humo bila kupitia lango la hoteli, shamba la maua au boma la mtu binafsi hana pa kwenda isipokuwa katika fuo chache sana, kama vile Kamere na Karagita. Fuo zenyewe hazitulii. Ziwa likifura, humezwa. Likinywea, huachwa mbali na maji kiasi kwamba boti hukokotwa juu ya matope kwa muda mrefu kabla ya kuelea.

Kisa kinachochambuliwa hapa ni hicho: haja ya mwalo mpya wa umma, yaani mahali pa kushulia na kupokelea boti, katika ziwa ambalo ukingo wake huhama na ambalo sehemu kubwa ya ardhi inayolizunguka ina wenyewe. Hoja yangu ni kwamba mjadala wa mwalo huanzia mahali pasipofaa. Huanza na zege, gati, paa la banda la samaki na jiwe la msingi, ilhali kinachokosekana Naivasha ni njia, yaani ukanda wa ardhi uliopimwa na kuandikishwa, unaotoka barabarani hadi majini, na unaobaki kuwa wa umma iwe maji yamesogea karibu au yamekwenda mbali. Mwalo wa zege usio na njia kama hiyo utatumika miaka michache, kisha utabaki ukuta ndani ya maji au ngazi inayoishia kwenye nyasi.

Ziwa na tabia zake

Naivasha iko juu sana, karibu mita 1,890 kutoka usawa wa bahari, na haina mto unaotoka. Maji yake mengi huletwa na Mto Malewa, yakiongezewa na Mto Gilgil na vijito vya msimu, kisha hupotea kwa mvuke na kwa kupenya chini ya ardhi. Huko kupenya ndiko kunakolifanya ziwa libaki na maji matamu, tofauti na jirani zake Nakuru na Elmenteita ambayo yana magadi. Wakulima wa maua wasingekuwa hapo kama maji yangekuwa ya magadi, na wavuvi wa sato wala kambare mamba wasingekuwapo pia.

Ziwa lisilo na mlango wa kutokea hufuata mvua bila kizuizi. Mvua ikizidi katika milima ya Nyandarua, ambako Malewa inaanzia, ziwa hupanda. Ukame ukifuatana, hushuka. Katika muda wa takriban miaka 100, tofauti kati ya kiwango cha juu kabisa na cha chini kabisa imepita mita 9. Mwaka 2009 ziwa lilikuwa limenywea vibaya, na watu walikuwa wakilizungumzia kama mgonjwa mahututi. Baada ya hapo lilianza kupanda, na kufikia mwaka 2020 lilikuwa limefurika kiasi cha kuzifukuza familia kutoka mtaa wa Kihoto na kuzamisha vyoo, visima na mabanda yaliyokuwa ufuoni. Hali hiyo haikuwa ya Naivasha peke yake, kwani Baringo, Nakuru na maziwa mengine ya Bonde la Ufa yalipanda pamoja nayo, na mafuriko yalirudi Kihoto mwaka 2025.

Mita 9 za wima si nyingi zikitazamwa kwenye karatasi. Ugumu unatokana na ulalo wa ardhi. Pale ambapo ufuo unashuka mita 1 tu kwa kila mita 100 za kwenda mbele, kama ilivyo katika tambarare nyingi za upande wa mashariki na kaskazini, maji yakipanda mita 1 ukingo husogea mita 100 kuelekea barabarani. Kwa tofauti ya mita 9, ukingo unaweza kuhama mita 900. Mtu aliyepanga kujenga mwalo wa kudumu katika ufuo wa aina hiyo anapaswa kwanza kuulizwa anakusudia kuujenga katika sehemu gani ya hizo mita 900.

Mstari wa futi 6,210

Mpaka wa mashamba yanayolizunguka ziwa ulipangwa zamani za ukoloni kwenye mwinuko wa futi 6,210, yaani takriban mita 1,892.8 kutoka usawa wa bahari. Ardhi iliyo chini ya mstari huo ni ya serikali. Katika makubaliano ya miaka ya 1930, wenye mashamba ya ufuoni waliruhusiwa kuitumia ardhi hiyo maji yanapojiondoa, kwa masharti kwamba wasijenge humo majengo ya kudumu. Ni mpango uliowafaa walowezi wa wakati ule, ambao walihitaji malisho ya ng'ombe na walikuwa wachache, na wala hakuna aliyefikiria wakati huo kwamba kando ya ziwa kungekuja kuishi makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa mashamba ya maua wasio na hata kipande cha ufuo.

Matokeo yake leo ni ya ajabu kidogo. Maji yanaposhuka, ardhi ya umma inazidi kuwa kubwa, lakini umma hauwezi kuifikia, kwa sababu ili uifikie sharti upite kwenye ardhi yenye hati iliyo juu ya mstari. Maji yanapopanda, ile ardhi ya umma iliyokuwa ikitumika kama ufuo inazama, na ukingo mpya unaangukia kwenye uzio wa jirani. Mvuvi hupoteza katika hali zote mbili. Mwenye hoteli naye hapotezi sana, maana gati lake husogezwa ndani ya uwanja wake mwenyewe kadiri maji yanavyokuja.

Kwa sababu hiyo, ukanda wa mwalo unapaswa kuanzia kwenye lami ya barabara ya Moi South Lake, ukakata ardhi ya juu ya mstari, ukauvuka mstari, na kuendelea hadi kwenye kiwango cha chini kabisa ambacho ziwa limewahi kufikia katika kumbukumbu za vipimo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inatoa utaratibu wa kufanya hivyo. Tume ya Taifa ya Ardhi inaweza kuunda haki ya umma ya kupita juu ya ardhi ya mtu, na mwenye ardhi hulipwa fidia. Si kwamba njia za kufikia maji hazijawahi kuwapo. Wafugaji wa Kimaasai wamekuwa wakidai na kutumia njia za kunywesha mifugo kwa vizazi vingi, na baadhi ya fuo za umma za sasa zilianza kama njia hizo hizo. Tatizo ni kwamba njia isiyopimwa hupungua kidogo kidogo. Mwaka mmoja uzio husogezwa hatua mbili, mwaka mwingine hujengwa kibanda, na baada ya muda gari lenye trela halipiti tena.

Upana ni jambo la kuamuliwa mapema kuliko yote. Njia ya mita 4 inatosha ng'ombe na pikipiki, lakini haitoshi gari linalorudi kinyumenyume likiwa na trela huku gari jingine la kubeba samaki likisubiri kutoka. Kwa makadirio yangu, ukanda usiopungua mita 20 unahitajika, na sehemu ya kugeuzia magari iwe pana zaidi na iwe juu ya mstari wa futi 6,210.

Nani anashua nini

Miongozo ya miteremko ya boti inayosomwa na wahandisi wengi iliandikwa katika nchi ambazo boti hukaa nyumbani kwa mwenyewe, huletwa kwa trela siku ya mapumziko, hushuliwa, na jioni huondolewa. Kwa boti za namna hiyo inapendekezwa mteremko wa kati ya asilimia 12 na 15, njia ya zege yenye mifereji midogo ya kuzuia utelezi, na ncha ya chini iliyozama angalau karibu mita 1 chini ya kiwango cha chini cha maji. Mteremko ukiwa mdogo kuliko huo, gari hulazimika kuingia majini hadi kwenye ekseli kabla boti haijaelea. Ukiwa mkali zaidi, magurudumu huteleza wakati wa kuvuta.

Naivasha ina boti za aina hiyo, hasa za wavuvi wa burudani kutoka Nairobi na za watafiti, lakini ni chache. Anayefika Kamere asubuhi ataona jambo tofauti. Boti za wavuvi hulala ufuoni, zikiwa zimevutwa juu ya magogo, na vijana watatu au wanne huzisukuma kwa mabega hadi zielee. Mmoja huja nyuma akiwa amebeba injini begani, shingo imepinda, mkono mmoja ukishikilia mtungi wa petroli, na huitia injini mahali pake akiwa amesimama ndani ya maji yanayofika mapajani. Zikirudi, wanawake wenye makarai husogea hadi kwenye ukingo, bei hupatanwa hapo hapo juu ya matope, na korongo wakubwa wenye vichwa vya upara husimama nyuma yao wakisubiri matumbo ya samaki. Kando kidogo kuna boti za faiba za watalii, zenye viti vya abiria saba au wanane, ambazo haziondolewi majini kabisa. Zinahitaji mahali pa kufungwa na mahali pakavu pa mgeni kupandia, si mteremko.

Kwa hiyo mwalo mmoja unatakiwa kuhudumia kazi tatu zisizofanana. Mteremko wa asilimia 14 unaomfaa mwenye trela ni mkali mno kwa vijana wanaosukuma boti ya mbao iliyolowa, hasa wakati wa kuipandisha. Wavuvi wanahitaji ulalo wa taratibu wa mchanga au changarawe, wenye magogo au mabomba ya kuviringishia, karibu na meza za kupimia samaki. Waendesha boti za watalii wanahitaji gati jembamba linaloelea, linalopanda na kushuka pamoja na maji. Mwenye trela anahitaji njia moja tu ya zege, yenye upana wa mita 4.5 hivi. Nimesoma mapendekezo ya miradi ya mialo katika maziwa yetu ambayo yana mchoro mmoja wa zege kwa wote, na kila mara huwa naona dhahiri kwamba aliyechora hakukaa ufuoni asubuhi.

Kuwachanganya watu hawa mahali pamoja bila mpango huzaa ugomvi. Propela ya boti ya watalii hukata nyavu. Harufu ya matumbo ya samaki hufukuza wageni. Na wapiga debe wa boti hukimbilia kila gari linaloingia. Wikendi za kawaida hali huvumilika, lakini wakati wa mbio za Safari Rally, ambazo zilirudi katika ratiba ya dunia mwaka 2021 na kuufanya mji wa Naivasha kuwa makao yake, ufuo wa umma hujaa kuliko uwezo wake. Kutenganisha mlango wa samaki na mlango wa wageni kwa mita 50 hivi, kwa ukuta mfupi au safu ya miti, kungepunguza mengi ya hayo kwa gharama ndogo.

Hesabu ya mteremko

Tuchukue kwamba mwalo unatakiwa kufanya kazi katika viwango vyote vya maji, yaani tofauti ya mita 9. Kwa mteremko wa asilimia 14, njia ya zege itakuwa na urefu wa mita 64 hivi. Huo si urefu wa kutisha. Lakini hesabu hiyo inakubali tu pale ambapo ardhi yenyewe inashuka kwa ulalo unaokaribiana na huo. Katika tambarare ya asilimia 1, njia ya asilimia 14 italazimika kuchimbwa kama handaki, nalo litajaa tope la Malewa katika msimu mmoja wa mvua. Hapa ndipo uchaguzi wa mahali unapoamuliwa na jiolojia kabla ya siasa: ukingo wa kaskazini, kwenye mafunjo na mlango wa mito, haufai, tambarare ya mashariki karibu na mji ndiyo iliyo rahisi kufikika na ndiyo inayofurika kwanza, ukingo wa kusini, ambako kuna miinuko ya volkano na maji huwa na kina karibu na ufuo katika baadhi ya sehemu, ndio unaostahili kupimwa kwanza.

Kuna funzo la kiufundi kutoka Ziwa Mead nchini Marekani, ingawa lenyewe ni ziwa la bwawa na tatizo lake ni la kushuka tu. Mwaka 2022 maji yake yaliposhuka hadi karibu futi 1,040, sawa na mita 317 kutoka usawa wa bahari, miteremko ya umma ilifungwa mmoja baada ya mwingine hadi ikabaki ya Hemenway Harbor peke yake. Miteremko ilikuwa imerefushwa mara kwa mara kulifuata maji, baadhi kwa zege, baadhi kwa mikeka ya mabomba ya chuma iliyotandazwa juu ya changarawe, na kila hatua ililipiwa mamilioni ya dola. Nchi yenye fedha kama hizo ilishindwa kulikimbilia ziwa kwa zege. Kaunti ya Nakuru haitaliweza.

Njia iliyo nafuu ni kutumia vibao vya zege vilivyomwagwa nchi kavu, vikaunganishwa kwa minyororo au vyuma na kulazwa juu ya tabaka la mawe. Vibao hivyo vinaweza kuvutwa kwa trekta na kulazwa upya mita 30 juu au chini ndani ya ukanda ule ule, pindi ukingo unapohama. Lakini vinahitaji ukanda. Bila haki ya kuvihamisha, huwa zege la kawaida tu, na ndiyo maana narudia kwamba njia hutangulia.

Majengo ya kudumu, yaani vyoo, banda la samaki, mashine ya barafu kama itapatikana, ofisi na egesho la magari, yote yakae juu kabisa, mbali na alama ya maji ya mwaka 2020. Jambo hili linaonekana wazi mno hata ni aibu kuliandika, lakini vyoo vya shimo vilivyojengwa karibu na ukingo ndivyo vilivyofurika na kumwaga uchafu katika maji ambayo watu huyachota.

Viboko

Hakuna mwalo Naivasha usio na suala la viboko, na hapa pana undani ambao wapangaji wengi huuruka kwa sentensi moja ya "tahadhari ya wanyamapori".

Kiboko hukaa majini mchana na kutoka usiku kwenda kula nyasi. Hupita njia zake mwenyewe, njia zile zile usiku baada ya usiku, na hupenda mahali ambapo ukingo una ulalo wa taratibu na hauna vizuizi. Maelezo hayo ni sawa kabisa na maelezo ya mwalo mzuri wa wavuvi. Ukifyeka mafunjo, ukasawazisha ukingo na kuweka changarawe, umemtengenezea kiboko barabara, na atakutana na wavuvi alfajiri, wakati yeye anarudi majini na wao wanateremka. Kiboko aliyekatiwa njia ya kurudi majini ndiye hatari kuliko wote. Mwezi Agosti 2018 mtalii mmoja kutoka Taiwan aliuawa ufuoni hapa alipokuwa akipiga picha, na wavuvi wanaovua kwa miguu wakiwa ndani ya maji hushambuliwa mara kwa mara. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ilipanga fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo, kiasi ambacho familia nyingi hukisubiri kwa muda mrefu.

Kufurika kwa ziwa kumezidisha tatizo. Nyasi za ufuoni zilipozama, viboko walisogea juu, kwenye nyua za watu na bustani za hoteli, na uzio wa umeme wa mashamba umewabana katika mianya michache iliyobaki. Mwanya mmoja ukifunguliwa kwa ajili ya mwalo, wote watauelekea. Kwa hiyo ukanda wa mwalo lazima upimwe pamoja na ukanda wa viboko, yaani pawe na mwanya mwingine wa karibu ulioachwa wazi kwa ajili yao, wenye malisho, na mwalo wenyewe uwekewe kizuizi cha usiku. Nguzo nene za mbao zilizosimikwa karibu karibu, zenye nafasi ya mtu kupita lakini si ya kiboko, hutosha; ukuta hauhitajiki. Lango la boti lifungwe jua likizama na lifunguliwe kukiwa kumekucha. Wavuvi wanaotega usiku hawatalipenda sharti hilo, na hapo itabidi wakubaliane na Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) kuhusu saa na taa.

Kuna pia suala la mkondo wa boti majini. Kundi la viboko huwa na mahali pake pa kupumzikia mchana, aghalabu kwenye maji ya kina kifupi, na nahodha mzoefu hupazunguka kwa mbali. Mwalo ukielekezwa mahali ambapo boti lazima ipite juu ya maji hayo, ajali itakuwa suala la siku tu. Upimaji wa kina cha maji mbele ya mwalo, pamoja na kuweka maboya ya kuonyesha mkondo, ni kazi ya siku chache kwa kifaa cha kupimia kina kinachouzwa kwa wavuvi wa kawaida.

Magugumaji na wageni wengine

Magugumaji yaliingia Naivasha mwaka 1988. Leo husafiri ziwani kama visiwa, yakisukumwa na upepo. Asubuhi ziwa huwa shwari. Alasiri upepo huvuma kwa nguvu, mawimbi huinuka upesi kwa sababu ziwa halina kina kirefu, na ufuo uliokuwa wazi saa nne unaweza kuzibwa kabisa saa kumi. Boti iliyotoka asubuhi hukuta mlango umefungwa. Mchoraji wa ramani hana namna ya kulijua hilo kwa picha ya setilaiti ya siku moja. Wazee wa ufuoni wanajua kila ghuba hujaa lini, na wao ndio wa kuulizwa kabla ya eneo kuchaguliwa.

Mwalo wa trela huongeza hatari nyingine. Ziwa hili limekwisha kubadilishwa mara nyingi na viumbe walioletwa: kamba wekundu kutoka Amerika waliingizwa kwa makusudi mwaka 1970, na samaki aitwaye kapu (carp), aliyejitokeza mwanzoni mwa miaka ya 2000, alikuja kuwa sehemu kubwa ya mavuno. Boti inayotoka Baringo au Victoria Jumamosi ikashuliwa Naivasha Jumapili inaweza kubeba mbegu, mayai na vipande vya mimea chini ya sakafu yake. Sehemu ya kuoshea boti kabla ya kuingia, yenye bomba la maji ya kasi na shimo la kuchujia, inapaswa kuwa sehemu ya mradi tangu mwanzo. Naivasha imo katika orodha ya Ramsar, yaani ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu mwaka 1995, na kwa sababu hiyo ukaguzi wa athari kwa mazingira utahitaji majibu ya swali hili. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kujenga au kuchimba ndani ya ziwa bila idhini ya mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, na mradi unaoanza kumwaga zege kabla ya idhini hiyo husimamishwa kortini kwa urahisi.

Ufunguo wa lango

Kwa upande wa usimamizi, chombo kipo tayari. Vikundi vya usimamizi wa fuo, yaani BMU, vilipewa kanuni mwaka 2007 na vinajumuisha wenye boti, mabaharia wao na wachuuzi wa samaki. Wao hukusanya ada ndogo ufuoni na wanajua nani ni nani. Udhaifu wao hapa ni kwamba ni chombo cha uvuvi. Waendesha boti za watalii na wenye trela hawamo, ilhali ndio watakaolipa zaidi, na usalama wao, pamoja na usajili wa boti na leseni za manahodha, uko chini ya mamlaka ya usafiri wa majini, KMA. Mtu mmoja wa mwalo akikagua jaketi za kuokoa maisha na kuhesabu abiria kabla ya kila boti kuondoka, kazi hiyo inapaswa kutambuliwa na KMA na kulipwa kutokana na ada ya mwalo. Ada ikiingia katika mfuko mkuu wa kaunti, uzoefu wa masoko na stendi za mabasi unaonyesha kwamba haitarudi ufuoni kwa ukarabati.

Kuhusu mahali, kwa hoja zote nilizotaja, ningeupa kipaumbele ukingo wa kusini karibu na Kamere. Barabara ya lami iko jirani, watalii wa hifadhi ya Hell's Gate hupita hapo, wavuvi na soko lao tayari wapo, na ulalo wa ardhi unaruhusu njia fupi. Kasoro yake ni kwamba pamebanana. Ukanda wa mita 20 hautapatikana bila kulipa fidia kwa mtu, pengine kwa watu kadhaa, na baadhi yao ni wachuuzi wenye vibanda visivyo na hati yoyote, ambao sheria ya fidia huwasahau kirahisi. Fedha za awali zitumike huko badala ya kununulia saruji.

Hatua ya kwanza, basi, ni ya mpima ardhi. Aende ufuoni na viongozi wa BMU, wafugaji wanaotumia njia ya kunywesha, afisa wa KWS na majirani wenye hati, apige bikoni, yaani alama za mpaka, kuanzia ukingo wa lami hadi kwenye kiwango cha chini kabisa cha ziwa kilichowahi kupimwa, na ramani hiyo ichapishwe katika gazeti rasmi la serikali kabla ya mkandarasi yeyote kutafutwa. Bikoni za mwisho haziwezi kusimikwa sasa, kwa kuwa mahali pake pako chini ya maji. Zitaandikwa kwa vipimo vya setilaiti, zisubiri ziwa lishuke.